Yatokanayo

Miaka sita ninashika daftari la kamati ya maji,
jalada jekundu, pembe zimeliwa na panya,
na kila ukurasa nimeupiga mistari mimi mwenyewe:
Namba. Tatizo. Mhusika. Maoni.
Safu ya Tatizo ndiyo pana.
Ndahani kaishiwa dizeli tena. Andika.
Gati la Majengo halina koki. Andika.
Mweka hazina hajasoma mapato tangu uwele ulipokuwa shambani. Andika,
pigia mstari mara mbili, maana Malogo amesimama
na kiganja chake kiko mezani.

Siku hiyo alikuja mgeni kutoka wilayani,
Asnath, viatu vimekwisha kuwa na rangi ya Bahi.
Akasema mbukwenyi, tukaitikia,
akakaa benchi la nyuma na watoto waliofuata soda.
Tulidhani ana hotuba.
Aliuliza tu: "Ni lini maji yalitoka wiki nzima?"

Upepo wa Julai ukagonga bati.
Mtu akasema, haijatokea.
Mwingine, imewahi.
Sechelela mweka hazina, macho kwenye pindo la kanga:
"Wiki ile Ndahani alipokwenda Mvumi kumuuguza mama yake."

Tukacheka. Ndahani hakucheka.
Mgeni naye hakucheka. "Ilikuwaje?"
akauliza, kama mtu anayeuliza njia.

Tukaikumbuka vipandevipande.
Ufunguo wa pampu ulining'inia msumarini kwa Lechipya, mashineni,
kila aliyeleta debe la mtama akauona.
Pesa za ndoo Sechelela aliziandika kwa chaki mlangoni,
leo elfu kumi na nne, kesho kumi na sita na mia tano,
na hata asiyejua kusoma
alijua mlango unajaa.
Nani aliamuru? Hakuna aliyeamuru.

Nikafunua daftari kuitafuta wiki hiyo.
Haimo.
Kumbe wiki isiyo na tatizo sikuwahi kuiandika.

"Toka sifuri mpaka kumi, mko wapi?"
Wengi wakasema tatu. Malogo akasema mbili.
"Kwa nini si sifuri?"
Malogo akafungua kinywa kulaumu,
kikabaki wazi, halafu kikasema taratibu:
"Bomba bado liko ardhini. Hakuna aliyelifukua."
Akaketi, kama aliyejisikia akimsifu mtu.

"Na asubuhi mkiamka mko nne, mtajuaje?"
Sechelela: nitaona chaki.
Lechipya: nitaona ndoo zimepanga foleni zenyewe, wenyewe wako mashambani.
Ndahani, ambaye tangu asubuhi alikuwa akichokonoa grisi kuchani:
"Mtu atanisalimia
kabla hajaniuliza dizeli."

Hapo hakuna aliyecheka.

Sitaki kusema uongo kwenye muhtasari.
Injini bado inakohoa. Koki ya Majengo haijapatikana.
Tulichonunua siku ile ni chaki, pakiti moja,
na msumari haukununuliwa, ulikuwepo.
Jumatatu nilipita mashineni, mlango una mistari mitatu,
na mtoto wa Lechipya amechora mbuzi pembeni ya mapato.

Usiku nimechukua rula.
Nimeibana safu ya Tatizo, nikapata nafasi ya vidole viwili,
sikujua niipe jina gani,
nikaandika juu yake: Ilikuwaje.

Malogo alipita kuangalia kama nimemnukuu sawasawa.
Akasoma, akakuna shingo.
"Mbili na nusu," akasema. "Lakini usiisome kwa sauti."
Nimeandika.