Dakika Ishirini na Mbili

Nimezipima kwa saa ya mkononi, sikukisia:
povu, brashi, magurudumu, maji ya kusuuza,
kitambaa cha Dumitru kikipita juu ya kioo
kama anayempangusa mtoto mwenye homa.
Dakika ishirini na mbili.
Muda huo wote mteja amekaa ndani,
kwenye kibanda kilichokuwa cha kuuzia petroli,
viti vinne vya plastiki, kalenda ya mwaka juzi,
ananitazama dirishani kana kwamba gari nimelishika rehani.

"Yule amekalia pochi yake," akasema Somoe,
"nawe unamuuzia maji tu."

Nikakodi mashine ya chokoleti kwa jamaa wa Nuneaton.
Ilimeza paundi ya Bibi Pritchard, ikanyamaza
kama shahidi aliyehongwa.
Bibi akaipiga teke. Paundi nikamrudishia mimi.
Nikaleta kiti cha kukanda mgongo, cha mtumba;
kilimbana fundi bomba mmoja mabegani
hadi tukachomoa umeme.
Alitoka akicheka. Hakurudi.
Nikatundika manukato ya gari, yale ya umbo la msonobari:
kibanda kikanuka msitu usio na ndege,
wateja wakaona heri wangoje nje, mvuani.

Chururu, walisema wahenga, si ndo! ndo! ndo!
Mimi nilikuwa na ndo. Moja. Kisha kimya.
Daftari la Machi: mapato ya kibanda,
paundi kumi na moja na peni arobaini.
Gharama za kibanda sikuziandika.

Somoe hakusema "nilikwambia".
Alisukuma cherehani yake ndani ya kigari cha mtoto
(mtoto mwenyewe yuko chuo kikuu, Dundee),
akaiweka kwenye kaunta, pale palipokuwa na sigara,
akaandika kwa kalamu nzito juu ya kipande cha boksi:
PINDO LA SURUALI, DAKIKA KUMI NA TANO.

Nilicheka. Nani aje kuosha gari
amevaa suruali iliyomzidi miguu?
Kumbe Coventry nzima.

Hargreave, dereva wa teksi, ndiye aliyefungua biashara.
Gari lake linaoga nje,
yeye ndani kajifunga taulo letu la buluu,
miguu myeupe kama mihogo iliyomenywa,
mkononi chai ya tangawizi ya paundi moja na nusu,
na Bibi Pritchard, bila haya, anamuuliza habari za mkewe.
Gari na suruali vikawa tayari kwa pamoja.
Akalipa mara tatu asihisi kidonda.
Kufika Jumatatu, madereva watano kwenye foleni,
kila mmoja na mfuko wa nguo.

Zipu. Vifungo. Sare za shule za kupunguza Septemba
na kuongeza Januari.
Dumitru akaanza kuosha polepole, kwa amri ya Somoe.

Kisha ikaja wiki ya mvua.
Mvua ya huku haina haraka wala haya,
na nani alipie gari ambalo Mungu analiosha bure?
Dumitru alikalia ndoo iliyopinduliwa, akipigia mamake simu Bacău.
Nje, magari sufuri.
Ndani viti vimejaa, wa tano amesimama,
na hakuna hata mmoja aliyekuja na gari.
Bibi Pritchard alikuja kwa basi.
Gari lake alishaliuza Agosti, kumbe, hakutuambia,
wala hakuwa na nguo ya kushona.
Nikamuuliza anangoja nini.
Akanyoosha kikombe, kiongezwe.

Nilisimama mlangoni na mpira wa maji mkononi,
bwana wa biashara ya maji,
nikihesabu vichwa badala ya magurudumu.
Somoe hakuinua uso.
Alinipa sindano na uzi mweusi.
"Macho yako bado yanaona," akasema.
"Nitungie."