Tundu la Pili

Tulipoamka, ghuba haikuwapo.
Upepo wa usiku uliyasukuma magugumaji
kutoka Kendu hadi ufuo wetu wa Usoma,
ukayabana hapa. Palipokuwa maji pakawa konde,
maua ya zambarau, na korongo akipita juu yake
kama karani anayehesabu mali ya marehemu.

Mashua zote zimekwama.
Baba hakulaani. Alitwaa panga,
mwanzi wa pima nne, mlango wa kale
uliong'olewa kwenye choo cha shule,
na wavu: maboya yake malapa yaliyokatwakatwa,
chubwi zake za udongo, alizofinyanga bibi.

Alitandika mlango juu ya majani, akalala kifudifudi,
akakata tundu la kwanza. Mizizi ilitoka
myeusi, mirefu, kama ndevu za aliyezama.
Kisha mwanzi, kamba mkiani, ukaingia gizani.

Juzi Akeyo ametuma picha kutoka ughaibuni:
ziwa limeganda, lori limeegeshwa juu yake,
wanaume wawili wametoboa barafu kwa mtaimbo,
wanasukuma mti mrefu chini kwa chini.
Baba aliishika simu kama ashikaye yai.
Lori halikumshangaza. Aliuliza tu:
"Tundu la pili wanalijuaje?"

Sisi twalijua kwa maua.
Mwanzi ukipita hutikisika, moja, halafu jirani yake,
kana kwamba habari inanong'onwa huko chini.
Mfuata maua ni mimi, kwa wepesi wangu;
magugu hunibeba hatua moja, ya pili hukataa.
"Hapa!"
Nikapiga mundu, nikazamisha mkono hadi kwapani,
nikaomba nisishike nyoka,
nikashika mwanzi.

Kulipokucha: mumi watatu, kamongo mwenye hasira,
ngege mmoja kama aliyepotea njia.
Mama Nyangweso alikuja na sanduku lake la barafu.
Baba akachota bonge,
akalitazama mpaka likaisha kiganjani.
"Mwandikie dada yako," akasema,
"kwetu barafu huja samaki akishakufa.
Na muulize tena lile la tundu."

Jibu lilifika Jumapili, maneno matatu:
Wanasikiliza. Mti hugonga.

Jioni nilimkuta amelala tena juu ya mlango,
bila panga, bila wavu,
sikio lake kwenye majani.