Matabishi

Kwa Cirhuza, chini ya soko la Kadutu,
nyimbo kumi ni franka mia tano.
Anauliza: za kucheza, za kulia, au za Mungu?
Nikamwambia: za kutembea.
Akanitazama viatu kwanza.

Kutoka Bagira hadi Panzi si mchezo.
Pikipiki ingekula nusu ya ninachopata
kwa kufua mashuka ya wagonjwa,
kwa hiyo nakwenda kwa miguu, na mji huu
haujui neno tambarare.
Ukishuka, jua utalipa.

Nimejifunza kwa jasho.
Sebene usiipeleke mlimani:
magitaa yanakuvuta kama mtoto aliyeona andazi,
unapanda mbio, na kabla ya kona ya pili
pumzi imekwisha, wimbo bado una dakika nne.
Kwaya naziheshimu,
lakini kwaya hunifanya nihesabu dhambi,
na anayehesabu dhambi haoni shimo.
Rumba ya zamani ni ya mteremko,
asubuhi, lami ingali na umande,
nyonga zinajua kazi yao bila kuambiwa.
Za mapenzi nilizifuta zote mwezi wa tatu.
Usiniulize.

Sikio la kushoto la waya limekufa.
Ni heri. Kushoto napata honi, matusi, bei ya sambaza;
kulia napata nilicholipia.

Sasa, wimbo wa kumi sikuuagiza.
Mzee mmoja, lulanga mapajani,
anaimba Mashi ya ndani, ya vilima vya nyuma;
mengine nayaelewa, mengine napita nayo tu.
Jogoo anawika. Kiti kinaburutwa.
Na dakika ya saba
mtu anakohoa.
Si mwimbaji. Mwingine, karibu na kinasa sauti,
kikohozi kirefu cha aliyejitahidi kukizuia.

Nilirudi kwa Cirhuza kudai franka hamsini zangu.
Akacheka: Mama Nabintu,
huo una dakika ishirini na mbili!
Tisa umenunua, huo ni matabishi.

Basi nikaujaribu, siku ya mvua, mlimani.
Hauharakishi. Haubembelezi.
Nyuzi zinakwenda kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni.
Nami nikabeba.

Tangu hapo ndio wa kipande cha mwisho.
Nauwasha nikipita Essence,
na kikohozi kinanikuta kwa muuza parachichi.
Kikinikuta kabla, nimechelewa.
Kikinikuta mbele yake, nimetoka nyumbani na hasira.
Sijui ni mwanamume au mwanamke.
Sijui kama yu hai, kama alipona,
kama anajua kwamba kuna mtu Bukavu
anayepimia njia kwa kifua chake.

Alhamisi nilifika mapema. Nyuzi bado,
mzee bado, jogoo ndiyo kwanza anawika.
Nikasimama katikati ya maganda.
Muuza parachichi akasema: Umesahau kitu?
Nikainua kidole. Subiri.
Nikampa sikio la kulia.

Akasikiliza, kisu mkononi,
uso ukaanza kulegea kidogo kidogo,
hata mteja aliyekuwa anabonyeza matunda akaacha kubonyeza.

Kisha nikaona mabega yake yameruka.
Akanirudishia waya.

Huyo, akasema, apewe maji ya moto.