Boneti Isiyo na Theluji

Usiku kucha theluji imeishukia Ulaanbaatar,
na asubuhi, sokoni, magari mia tatu
yamejifunika nyeupe, safu kwa safu,
kimya kama wanafunzi wanaongoja matokeo.
Moja tu liko kichwa wazi.

Ndilo Gankhuyag analonisukumia.
“Liwashe, dada! Nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na likiitwa linaitika kama askari.”
Nikavua glavu, nikaweka kiganja kwenye boneti.
Vuguvugu.
Vuguvugu la chai iliyosahauliwa mezani.
Tangu alfajiri mtu huyu amelibembeleza kwa moto
ili nikifika nidhani limeamka lenyewe.

Fedha zimo ndani ya buti langu la kushoto.
Mama alizichana mwezi wa nne, kwa kitana cha chuma,
mbuzi mia na kumi na wawili, mmoja mmoja,
magoti yake juu ya ardhi iliyoganda,
sufu ikitoka kama moshi unaoshikika.
Siwezi kuuza manyoya ya mbuzi wote wale
kisha nikauziwa mbuzi kwenye gunia.

“Asante, kaka. Nazunguka kwanza.”
Akashusha laki tano. Nikapiga hatua mbili.
Akashusha tatu nyingine,
na kila laki iliyoshuka niliona ugonjwa ukipanda:
gia, gasketi, betri.

Kizuri chajiuza, wanasema. Uongo.
Kizuri kilikuwa mwisho wa safu, karibu na choo,
kimezikwa hadi madirishani, hakina hata karatasi ya bei,
na mwenyewe yumo ndani
anatafuna mkate wa nyama uliokwisha ganda.
Purevjav. Hakupiga debe.
“Mlango wa nyuma kushoto hufunguka kwa ndani tu.
Liligongwa ubavuni, nikanyoosha mwenyewe,
na mkono wangu, unaona, si wa fundi.
Injini isikilize.”

Tukapangusa theluji. Boneti iliniuma vidole.
Akazungusha ufunguo.
Likakohoa. Likakohoa. Kimya.
Likakohoa tena, kisha likashika,
sauti kavu, isiyodaiwa na mtu.

“Milioni tisa na nusu.”
“Nane.”
Akatazama saa. Ndege ya Seoul ni Ijumaa;
kiwandani kule, alisema, ukichelewa
unakuta mtu amesimama pako.
Hakupaswa kuniambia hilo.
Ningengoja hadi Alhamisi jioni, ningelipata kwa saba.
Haraka yake ilikuwa punguzo langu,
nami nilikuwa nimeigusa
kwa kiganja kilekile.

“Nane na nusu,” nikasema, nikavua buti
kabla sijabadili nia.
Alihesabu noti zenye joto la mguu wangu, akacheka,
akanipa na koleo la theluji. Seoul, alisema, atanunua jingine.

Usukani upo kulia, na nchi yetu hupita kulia:
ili kulipita lori lazima nichungulie kama mwizi.
Nilipowasha, mwanamke alizungumza ndani ya dashibodi,
Kijapani, kwa adabu nyingi, sentensi ndefu.
Huenda ananikaribisha.
Huenda anataja kitu kuhusu gia.
Nikamjibu kwa lugha yangu:
mwezi wa nne tunakwenda kwa mama, wewe na mimi,
na katikati hapo kuna mlima.