Ubao wa Chini

Mwaka ule ubao wa chini wa sauna ulikatika
mama akiwa ameukalia, ndoo mkononi.
Mkono wa kushoto ulivunjika juu kidogo ya kiganja,
na Lempi Heikura, mpanga marobota wa kiwanda cha karatasi,
akakosa mshahara wa wiki sita.
Baba alilaani msumari. Jirani alilaani fundi.
Irja, wa miaka kumi na mmoja, aliokota kipande
akakipeleka dirishani:
kimekuwa cheupe, laini kama mkate uliolowa,
na ndani yake nyuzi, nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga,
zikienda kwa utaratibu, kama zimetumwa.

Kiswahili kina neno, kuoza:
baba humwoza binti, gogo huoza msituni.
Irja hakulijua neno hilo, wala hatalijua,
ila maisha yake yote aliyatumia pale
maana hizo mbili zinapopeana mkono,
kitu kikiharibika na papo hapo
kikiingia nyumba nyingine.

Oulu. Chumba cha chini, taa ya samawati.
Miaka minne ya shahada, mitatu ilikwenda bure:
ukungu wa kijani ulivamia sahani zake
ukala alichokuwa amekipanda.
Ukungu nje juu ya mto, ukungu ndani ya kioo,
naye katikati, akiosha, akichemsha, akianza upya.
Ombi la fedha lilirudi mara tatu.
La tatu lilikuwa limeandikwa pembeni kwa kalamu:
"Kuvu isiyo na jina itamfaa nani?"
Ilikuwa na namba: H-64.

Kusoma vinasaba siku hizo
kulikuwa kuchambua gunia la mchele gizani, punje kwa punje.
Herufi nne tu, zikipangwa na kupangwa tena
hadi milioni thelathini na nane,
bila nukta, bila aya.
Mumewe, Tarmo, alikula chakula cha jioni peke yake
hadi akazoea, kisha akaondoka.
Sitalipamba jambo hili. Mwenyewe hakulipamba.

Halafu ikaja mashine, kubwa kama jokofu la samaki,
ikamaliza kwa usiku mmoja kazi ya miaka tisa.
Wenzake walipiga makofi.
Yeye alitoka, theluji ikilia chini ya viatu,
akakaa ndani ya gari bila kuwasha injini.

Ndani ya herufi zile walikuta jeni kumi na moja za kazi moja:
kukifumua kile kigumu kinachoufanya mti usimame.
Kiwanda cha mama kilifanya vivyo kwa salfa na moto,
mji mzima ukinuka yai viza, shuka zikianikwa ndani.
Kuvu ilifanya kimyakimya, kwa mate.

Kimeng'enya kiliposafishwa, kikapimwa, kikapata mnunuzi,
kiwanda cha karatasi kilikuwa kimefungwa miezi mitano.
Watu walikuwa wameacha kununua magazeti.
Kampuni ikakipeleka kwenye jinzi:
sasa kinachakaza suruali mpya zionekane zimevaliwa.
Lempi, miaka themanini na minne, alicheka hadi akakohoa.
"Zangu zilichakaa zenyewe," alisema,
"na bila ruzuku."

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu,
msaidizi wake kijana, Jalmari, anahamisha mirija
kutoka jokofu kuukuu, nyuzi themanini chini ya sifuri,
glavu mbili mbili.
Anasoma kwenye skrini: H-64.
Chanzo: gogo, Ufini kaskazini.
"Gogo gani, Profesa?"

Irja anavuta kiti. Anavaa miwani.
Anafuta neno gogo, herufi moja moja,
ingawa kipo kitufe cha kufuta yote.
Anaandika: ubao wa chini, sauna ya Lempi Heikura.
Anasita kwenye nafasi ya mkusanyaji,
kisha, kando ya jina lake, anaongeza umri:
miaka kumi na mmoja.