Karatasi ya Saba

Kituo chetu kilikuwa darasa la nne, Ganda,
hesabu za kugawanya bado ubaoni.
Kache Mwaringa alipokea karatasi sita,
akazihesabu kama chenji ya dukani,
akaniuliza: "Ya Mwanasheria Mkuu iko wapi?"

Nikamwambia huyo huteuliwa, hapigiwi kura.
"Na nani? Mbona shamba langu la Kijiwetanga,
kila nikienda kortini naambiwa
wakili wa serikali hajafika?
Basi nipe nimchague atakayefika."

Foleni ikaguna. Wakala mmoja akacheka, kisha akaacha.
Nilimpaka wino kidoleni. Haukushika penye sugu;
nikampaka tena.

Saa nane usiku, taa ya betri ikififia,
tukamwaga sanduku la kijani mezani.
Katikati ya kura, risiti ya korti,
shilingi mia saba hamsini, imekunjwa mara nne,
na nyuma yake, kwa kalamu ya kituo: AJE.

Mawakala wakabishana: imeharibika? imekataliwa?
"Si kura," nikasema, kwa sauti ya kazi.
Hakuna fomu yenye safu yake.

Asubuhi nilikabidhi kila kitu, nikatia sahihi.
Risiti ninayo.