Alama Sabini na Moja

Nilivuka bahari na chupa moja ndani ya soksi ya sufu,
wiski ya kisiwani kwetu Islay, pipa namba mia nne na kumi na mbili,
ambalo pete zake za chuma nilizigonga kwa nyundo yangu mwenyewe
mwaka ule goti langu lilipoanza kulia.
Na daftari. Siendi kuonja popote bila daftari:
safu ya pua, safu ya ulimi, safu ya kile kinachobaki kooni,
na mwisho kabisa, alama juu ya mia.

Don Eleuterio hakulitazama daftari.
Alitazama viatu vyangu, akaona vimekula vumbi la kutosha la Oaxaca,
ndipo akanionyesha shimo.

Pana kama chumba cha kulala, limesakafiwa mawe ya moto,
na mioyo ya mkonge imelala humo siku ya nne,
imefunikwa udongo, inafuka polepole.
Nilipiga magoti, nikanusa.
Moshi huu haukunijua.
Wa kwetu ni wa udongo mweusi wa kinamasi,
unanuka bandeji, mwani,
koti la baba likikauka kando ya jiko.
Huu ulikuwa mtamu, tena wenye hasira,
kama viazi vitamu vilivyosahauliwa majivuni
na mtu aliyekuwa akigombana.

Tukaketi. Nicéfora, bintiye, akaleta vikombe vya kibuyu,
akamimina kutoka juu, tukatazama shanga za povu:
zikidumu, ukali umetimia; zikitoweka, umeibiwa.
Kwetu tuna kipimo cha kioo na cheti cha serikali.
Hapa wana macho.

Cha kwanza, espadín. Nikaandika: pilipili hoho mbichi,
chungu kipya kilichotiwa maji, ganda la chungwa.
Themanini na tatu.
Cha pili, tobalá, mkonge mdogo wa kivulini.
Nikaandika: maziwa yaliyoanza kuganda, nanasi.
Nikafuta nanasi.
Cha tatu, tepeztate.
"Huyu alikaa miaka ishirini na mitano," akasema Eleuterio,
"ananing'inia kwenye jabali, anakunywa umande. Tulimkata Jumanne."
Funda moja,
nikasikia jani likivunjwa mbele ya uso wangu.
Kalamu ikasimama.

Ndipo nikafungua soksi.

Akanusa. Akanyamaza. Akanusa tena, kwa tundu la kushoto peke yake.
"Hapa anazungumza mti," akasema.
"Shayiri iko wapi? Mmeiziba mdomo?"
Damu ikanipanda. Miaka thelathini na mmoja nimeuinamia mwaloni,
nimeuchoma tumbo kwa moto mpaka ukatoa sukari!
Nikamwambia: wetu huzaliwa mtoto mkorofi,
nasi hatuna jua la kumlea,
kwa hiyo tunamfungia gizani miaka kumi na minane
pamoja na mti, amfundishe adabu.
Wako huzeeka kabla ya kisu, wangu baada ya moto.
Kungoja ni kungoja.

"Hapana," Nicéfora akadakia, akipangusa meza.
"Ninyi mnakingojesha kinywaji.
Sisi ndio tunaongojeshwa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na maji.
Nikadondosha matone mawili kwenye wiski, nikamrudishia mzee.
Safari hii mwani ukajitokeza, na nyuma yake, kwa aibu, mkate.
Akacheka, akachomoa kalamu sikioni mwangu,
akaandika daftarini, tarakimu kubwa kama za bango: 71.
"Sabini na moja tu?"
"Mezkali ya marehemu baba niliipa sitini na nane.
Na ungemwuliza Nicéfora, ungelia."

Yaliyofuata hayamo daftarini.

Alfajiri niliamka kwa ajili ya ibada yetu sisi waonjaji:
kunusa glasi tupu siku ya pili,
pombe ikishaondoka na maringo yake,
ndipo nafaka husema, ndipo mti hukiri.
Nikavuka ua pekupeku, kichwa kama pipa linalogongwa.
Nicéfora alikuwa amekwisha kuosha kila kitu,
na katika glasi yangu, ile nyembamba ya safari,
alikuwa akinywa kahawa.
Akaniuliza kama ninatumia sukari.